Muuaji Alipogeuka Mshenga

Jumamosi jioni, tarehe 21 Septemba 2002, wanawake wawili walikuwa wakifunga duka la pombe walilofanyia kazi mjini Montgomery, makao makuu ya jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani. Wakapigwa risasi hapo hapo nje. Mmoja alifariki, mwenzake akanusurika na majeraha. Askari aliyekuwa karibu alimkimbiza kijana mmoja kwa miguu, lakini kijana akamtoka. Katika kukimbia kwake aliangusha kijitabu cha matangazo ya bunduki, kile ambacho kampuni hutoa kuonyesha bidhaa zake na bei. Kwenye karatasi yake kulikuwa na alama ya kidole.

Niseme mapema kwamba simtafuti mzembe. Polisi wa Montgomery waliichukua alama ile, wakaipitisha kwenye kompyuta ya jimbo lao, nayo ikajibu kwamba haimjui mwenye kidole. Ilisema kweli, maana kijana yule hakuwahi kukamatwa Alabama. Tatizo ni kwamba alama haikupelekwa kwenye hazina ya taifa inayotunzwa na FBI. Huko angepatikana, kwa sababu Desemba 2001 maofisa wa uhamiaji walimchukua alama za vidole mjini Bellingham, jimbo la Washington, kule juu kaskazini-magharibi karibu na mpaka wa Kanada. Swali lilikuwa Alabama na jibu lilikwisha kuhifadhiwa. Alama ikalala kabatini na kijitabu chake.

Siku 11 baadaye watu wakaanza kuuawa kandokando ya jiji la Washington, mji mkuu wa Marekani.

Jumatano, Oktoba 2, mwanamume mmoja alipigwa risasi moja katika maegesho ya duka la vyakula, kaunti ya Montgomery, jimbo la Maryland. Asubuhi iliyofuata, kuanzia saa 1:41 hadi saa 3:58, wakauawa watu wanne katika kaunti hiyo hiyo: mtu aliyekuwa akikata majani kwa mashine, dereva wa teksi akijaza mafuta, mwanamke aliyeketi kwenye benchi, na mama mmoja aliyekuwa akisafisha gari lake kwenye kituo cha mafuta. Kila mmoja alikwenda kwa risasi moja kutoka mbali. Usiku wa siku hiyo, saa 3:20, mzee wa miaka 72 akauawa akiwa kando ya barabara, hatua chache ndani ya mpaka wa jiji la Washington.

Mpaka huo ndio wa kuutazama. Kwetu, ukifungua RB Temeke au ukapewa namba ya OB kituo cha Kasarani, malalamiko yako yanaweza kukwama mezani, lakini angalau meza zote ni za jeshi moja lenye mkuu mmoja. Marekani sivyo. Kuna vyombo vya polisi vipatavyo 18,000 nchi nzima. Mji una polisi wake na mkuu wake, kaunti ina wake, jimbo lina wake, hata vyuo vikuu vingine vina wake. Gari likivuka daraja la Mto Potomac kutoka Washington kwenda Virginia limebadilisha mamlaka, redio, madaftari na mwendesha mashtaka. Dereva mwenyewe hahisi chochote. Wahalifu wanaosafiri wanalijua hilo vizuri kuliko wananchi.

Wauaji hawa walikuwa wawili, na walisafiri kweli. Mkubwa aliitwa John Allen Muhammad, mwanajeshi wa zamani mwenye miaka 41. Mdogo alikuwa Lee Boyd Malvo, mzaliwa wa Jamaika, miaka 17. Kabla ya Oktoba walikuwa wameacha majeruhi na maiti katika mji wa Tacoma, jimbo la Washington, na katika majimbo ya Arizona, Louisiana, Alabama, na Maryland kwenyewe. Kila mahali polisi waliandika tukio kama la kwao peke yao: wizi uliogeuka mauaji, au mauaji yasiyo na sababu inayojulikana. Kila jalada lilikuwa sahihi kwa kadiri ya ukurasa wake, na hakuna mtu aliyekuwa na kurasa zote mkononi.

Sasa lije lori jeupe.

Asubuhi ya Oktoba 3 shahidi mmoja alisema aliona lori dogo jeupe likiondoka karibu na mahali pa tukio. Taarifa hiyo ilisambazwa mara moja, tena kwa ufanisi wa kupigiwa mfano. Kila redio ya polisi katika eneo hilo iliitaja na kila televisheni ikairudia. Majuma matatu polisi wa Maryland, Virginia na Washington walisimamisha magari meupe kwenye barabara kuu. Mafundi bomba, wauza maua na wasambaza mikate walitolewa nje mikono juu. Na kwa kuwa kila mtu alikuwa akitafuta jeupe, kila tukio jipya lilizaa mashahidi wapya walioliona. Magari ya kazi meupe yamejaa Marekani kama bodaboda zilivyojaa Kariakoo, hivyo popote risasi ilipolia, moja halikukosa kuwa jirani. Tarehe 14 Oktoba, baada ya mwanamke kuuawa nje ya duka la vifaa vya ujenzi kule Virginia, shahidi mmoja alieleza kwa undani gari la rangi ya maziwa na bunduki aliyoiona. Alikuwa ametunga yote, na baadaye alihukumiwa kwa kuwadanganya polisi.

Katika vurugu hiyo kulikuwa na maneno mengine ya kweli, yaliyosemwa kwa sauti ya chini. Usiku alipouawa yule mzee, shahidi jijini Washington aliona gari kuukuu aina ya Chevrolet Caprice likiondoka polepole, taa zimezimwa. Polisi wa jiji waliiandika taarifa hiyo na kuitoa kwa wenzao. Haikufichwa. Ila ilifika mezani ambapo lori jeupe lilikwisha kukalia kiti, ikasimama pembeni.

Hapa naachana na wale wanaodhani dawa ya kila kitu ni kuunganisha kompyuta. Polisi wa eneo lile hawakuwa wachoyo. Maabara ililinganisha vipande vya risasi ikathibitisha kwamba bunduki ni moja, na vyombo vya kaunti, jiji, majimbo na serikali kuu vikakaa pamoja katika makao ya operesheni kaunti ya Montgomery, chini ya Charles Moose, mkuu wa polisi wa kaunti hiyo ambaye uso wake ulijulikana dunia nzima kwa majuma matatu. Ujirani ulikuwepo. Kilichokosekana ni mtu mwenye kazi ya kuuliza juu ya kila habari: nani kaiona, akiwa umbali gani, na tuna sababu gani ya kuiamini kuliko ile nyingine? Hiyo ndiyo kazi ya uchambuzi. Pasipo nayo, mtandao wa polisi hauna tofauti kubwa na kundi la WhatsApp la mtaa linalosambaza habari za gari jeusi la vioo vya giza linaloiba watoto: imetumwa mara nyingi, kwa hiyo ni kweli.

Gari la kweli lilikuwa Caprice ya buluu ya mwaka 1990, iliyonunuliwa New Jersey kwa dola 250. Huko nyuma iliwahi kuwa gari la polisi. Mwenye kupenda kejeli na achukue. Kiti cha nyuma kilifanyiwa kazi ili mtu aweze kutambaa kutoka ndani hadi kwenye buti. Kwenye mfuniko wa buti, juu kidogo ya namba, palitobolewa tundu la kupitisha mtutu. Mpigaji alilala humo kama mtu aliyelala uvunguni, akapiga risasi moja, kisha gari likaondoka taratibu kama la mtu anayetoka sokoni.

Gari hilo halikujificha. Kati ya siku ya kwanza na ya mwisho, polisi wa vituo mbalimbali waliingiza namba zake kwenye kompyuta si chini ya mara 10. Mara zote jibu lilikuwa moja: halijaibwa, mwenyewe hatafutwi. Alfajiri ya Oktoba 8 askari wa Baltimore alimkuta Muhammad amelala ndani yake kwenye maegesho. Mvulana wa miaka 13 alikuwa amepigwa risasi mbele ya shule yake mjini Bowie asubuhi iliyotangulia, mwendo wa chini ya saa moja kutoka hapo. Askari alimwamsha, akaomba leseni. Leseni ya jimbo la Washington, gari la New Jersey, mtu yuko Maryland. Muhammad alieleza kwamba yumo safarini na alisimama kupumzika. Askari akauliza kompyuta, kompyuta ikasema hana neno. Akamwambia aondoke hapo, naye akaondoka. Kesho yake jioni mtu mwingine aliuawa akijaza mafuta Manassas, Virginia.

Mimi simlaumu yule askari. Aliuliza swali ambalo mfumo ulimruhusu kuuliza, yaani mtu huyu anatafutwa? Hakuwa na namna ya kuuliza swali lenye faida: nani mwingine amemwuliza mtu huyu, lini, na wapi? Maswali yote yale yaliacha nyayo kwenye mashine, kila moja na saa yake na kituo chake. Zingewekwa kwenye meza moja, zingeonyesha gari moja la New Jersey likirandaranda katika maeneo ya mauaji. Ila hakuna aliyefikiri kwamba swali la jirani nalo ni habari.

Wakati huo simu zilikuwa zikimiminika. Wananchi walipiga zaidi ya mara 60,000 kwenye namba iliyotangazwa, na waliozipokea walikuwa wengi, wamechoka, wanaandika na kupeleka mbele. Katikati ya mafuriko hayo walipiga hata wauaji. Walitaka fedha, na ili wapewe walihitaji kuaminiwa. Wakajaribu polisi wa mji wa Rockville, wakaambiwa wapige namba ile ya operesheni. Wakajaribu namba hiyo zaidi ya mara moja, wakachukuliwa kuwa wahuni wanaochezea simu. Fikiria hasira ya mtu anayeungama mauaji halafu anakatiwa simu.

Ndipo wakaamua kutoa kitambulisho. Kwa ofisa mmoja wa kaunti ya Montgomery, na kisha kwa padri mmoja wa mji wa Ashland, Virginia, mpiga simu alijisifu kwa tukio jingine: waulizeni Montgomery, Alabama, habari za duka la pombe. Padri alidhani ni utani mbaya. Kaunti ya Montgomery na mji wa Montgomery. Jina moja, na kati yake zaidi ya kilomita 1,000.

Jumamosi, Oktoba 19, mwanamume alipigwa risasi nje ya mkahawa huko huko Ashland. Aliokoka. Nyuma ya mkahawa, porini, polisi walikuta mfuko wa plastiki umebanwa kwenye mti. Ndani yake mlikuwa na barua ya kudai dola milioni 10, na ilitaja saa ambayo simu ingepigwa asubuhi iliyofuata. Wapelelezi waliitunza kama ushahidi unavyotunzwa, isiguswe, ipelekwe maabara. Ilipokuja kusomwa, saa iliyotajwa ilikuwa imepita. Lakini barua ilikuwa na jambo lingine: iliorodhesha, kwa uchungu, watu ambao waandishi wake walijaribu kuongea nao wakapuuzwa. Padri wa Ashland alikuwemo.

Wapelelezi wakaenda kwa padri, naye akawaeleza ya Alabama. Wakapiga simu Montgomery. Kule wakajibiwa kwamba ndiyo, tukio lipo, mwezi uliopita, na kuna alama ya kidole.

Kwetu posa haiendi bila mshenga. Familia mbili zisizojuana huhitaji mtu wa kati wa kupeleka maneno na kurudisha majibu. Polisi wa Montgomery na polisi wa Montgomery walipata mshenga wao, na alikuwa muuaji mwenyewe.

Kutoka hapo mambo yalikimbia. Alama ililetwa jijini Washington Oktoba 21, ikaingizwa kwenye hazina ya FBI, ikatoa jina la Malvo. Jina hilo likafungua jalada la uhamiaji la Bellingham, na jalada likamleta Muhammad. Tacoma nako mtu aliyemfahamu alikuwa amekwisha kupiga simu kueleza wasiwasi wake. Oktoba 23 watazamaji wa televisheni waliona maofisa wa FBI wakikata kisiki kwa msumeno kwenye uwanja wa nyumba moja Tacoma, kwa sababu watu walisema Muhammad alikuwa akilenga shabaha hapo na risasi zilibaki ndani ya mti. Rekodi za New Jersey zikatoa Caprice na namba zake. Kumbukumbu za kompyuta zilipopekuliwa, zikaonyesha ni mara ngapi gari lile lilikuwa mikononi mwa polisi.

Walichelewa kwa mtu mmoja. Alfajiri ya Oktoba 22 dereva wa basi aliuawa akiwa kwenye ngazi za basi lake, karibu na mahali risasi za kwanza zilipopigwa majuma matatu kabla. Alikuwa wa 10 kuuawa mwezi huo. Majeruhi walikuwa watatu.

Katika miaka iliyofuata Wamarekani walijenga njia ambazo hazikuwepo. Mwaka 2003 idara ya upelelezi ya Jeshi lao la Majini ilianzisha mfumo unaoitwa LInX, kwanza kule kaskazini-magharibi alikoishi Muhammad, kisha kanda nyingine, ikiwemo ya Washington. Mpelelezi wa kituo kimoja akiandika jina anaona ripoti za vituo vya jirani: nani alihojiwa, nani alisimamishwa barabarani, gari gani lilitajwa na shahidi. Mwaka 2008 FBI ikazindua N-DEx, yenye nia hiyo hiyo kwa taifa zima. Ni hatua njema. Lakini bomba pana hupitisha maji machafu kwa kasi ile ile ya masafi. Lori jeupe lingesafiri ndani ya mifumo hiyo kwa sekunde. Na mwananchi asiye na kosa, ambaye jina lake limeandikwa mara tatu kwa sababu tu anaishi mtaa wenye doria nyingi, naye husafiri humo akiwa mshukiwa. Kwa maoni yangu, kituo kinachotuma habari bila kueleza imetoka kwa nani na ina uzito gani hakijamsaidia jirani yake; kimemwongezea mzigo.

Sidai kwamba alama ya Alabama ingepelekwa mapema wote wangepona. Mtu angehitajika bado kuona uhusiano kati ya wizi wa kusini na risasi za mbali za Maryland. Ninachodai ni kidogo zaidi: Malvo angekuwa anatafutwa kwa mauaji, Muhammad angetajwa kama mwenzake, na askari wa Baltimore angekuwa na cha kusoma alipoiweka ile leseni mbele ya kompyuta.

Usiku wa Oktoba 23 kulikuwa na mabishano ya mwisho. Watangaze namba za gari, au wazishike wasije wakawashtua watuhumiwa? Mkuu wa polisi alitaja jina la Muhammad mbele ya kamera karibu na saa sita usiku. Aina ya gari na namba zake vilikwisha kusikika kwenye redio za polisi, na waandishi wa habari waliokuwa wakisikiliza wakavirusha hewani. Dereva mmoja wa lori la mizigo aliyekuwa akipita Maryland alivisikia. Alipoingia kwenye kituo cha kupumzikia kando ya barabara kuu namba 70, karibu na Myersville, Caprice ya buluu ilikuwa imeegeshwa pale. Mtu mwingine aliyesikia redio hiyo hiyo naye aliiona. Simu zikapigwa, na dereva akaliweka lori lake njiani kuziba pa kutokea. Saa 9:19 usiku askari walivunja vioo vya gari na kuwatoa watu wawili waliokuwa usingizini. Bunduki ilikuwa humo humo.

Muhammad aliuawa kwa hukumu ya mahakama huko Virginia tarehe 10 Novemba 2009. Malvo yuko gerezani. Alama ya kidole ilikaa Alabama karibu siku 30 kabla ya mtu kuiulizia. Ilipofikishwa kwenye kompyuta ya FBI, jibu halikuchukua hata siku mbili.